Jumatatu Tisa za Bububu

Mwanangu Sauda,

Mambo ya safari mama yako ameshakwambia, na aliyoyasahau atayakumbuka kesho bandarini mbele za watu. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, ambalo sijamweleza mtu. Unakwenda Dar es Salaam kufanya kazi ile ile niliyoifanya mimi, kusoma miswada ya watu na kuwashika mkono mpaka waimalize, kwa hiyo ni haki yako kulijua kabla hujagusa karatasi ya mtu wa kwanza.

Umeniuliza mara nyingi kila Jumatatu baada ya alasiri nakwenda wapi na baiskeli. Nilikuwa nikikujibu, "Bububu, kwa mwandishi." Jibu hilo ni la kweli, ila halijakamilika. Kamili ni hili: kwa Jumatatu tisa nilimsomea mwandishi aliyekwisha kuzikwa. Nilimsahihisha, nikamwomba ridhaa, na nikapewa.

Nitalieleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea kuripoti.

Gazeti letu lilipofungwa baada ya Mapinduzi nilibaki na taipureta, meza na jicho la kuona kosa. Sikuwa na ofisi wala mkubwa wa kazi. Watu walianza kuniletea maandishi yao hapa nyumbani Mkunazini: seremala wa Ng'ambo aliyeandika mchezo wa redio, mwalimu mstaafu aliyeandika habari za ukoo wake. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja. Sikuweka kalamu kwenye karatasi kabla sijamsomea mwenyewe maandishi yake kwa sauti, yeye amekaa mbele yangu. Mtu akisikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine, huona mwenyewe yanapochechemea. Nikishakubaliana naye naandika nakala safi kwa taipureta, kisha daftari za mwanzo nazichoma. Miaka ile sikupenda kukaa na karatasi zenye majina ya watu na maneno yaliyokatwakatwa. Nilishaona karatasi ya namna hiyo ikisomwa vingine na mtu asiyehusika. Hofu ilipopungua mazoea yalibaki. Kumbuka hilo la kuchoma, nitalirudia.

Bi Tatu alikuja barazani kwetu siku moja asubuhi, na daftari tano kazifunga ndani ya kanga. Mama yako alimpa kahawa. Hakuinywa.

"Wewe ndiye Bwana Hamadi anayetengeneza maandishi ya watu?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nna mwanangu yumo edani. Mumewe kafa, na tangu afe yeye anaandika tu. Nkimwambia kula, anasema nimalize mstari. Anataka kusikia yanasikikaje, na mimi sijui kusoma."

Nilimwambia mjane aliye edani haonani na mwanamume asiye mahramu wake. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa bahari ina chumvi.

"Nani kakwambia mwonane? Kuna mlango."

Nilimwuliza shehe wa msikiti wetu. Akasema mlango ufungwe na mama mtu awepo. Basi Jumatatu iliyofuata nilikwenda.

Nyumba ipo mahali ilipokuwa ikiishia ile reli ya zamani ya kutoka mjini. Unaingia ukumbini, kuna kiti kimoja na meza ndogo, na mbele yako mlango wa chumba, mti mzito uliopakwa rangi ya kijani. Raya, yule mjane mwana wa Bi Tatu, alikuwa nyuma yake. Sikumwona siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Nilichokijua kwake ni sauti, na pete. Alivaa pete ya fedha, na nikisoma kitu asichokipenda aliigonga mlangoni mara mbili. Mara moja maana yake endelea. Mara mbili maana yake simama, na hapo mdomo ulifunguka.

Hadithi yake ilikuwa ya mjane wa Bububu ambaye kila jioni anasikia treni. Nilifika hapo nikatua karatasi.

"Bi Raya, reli hii iling'olewa wewe hujazaliwa. Msomaji atakuuliza treni imetoka wapi."

Ko, ko.

"Kwani nimesema ipo? Nimesema anaisikia."

"Basi tueleze kwamba ni mawazo yake tu."

"Wewe ulikuwemo kichwani mwake?"

"Mimi ni mtu wa habari. Nataka msomaji ajue lipi limetokea na lipi halikutokea."

"Ndiyo maana gazeti lenu watu walifungia samaki."

Nilimsikia Bi Tatu anacheka jikoni. Nami nilicheka, lakini niliumia kidogo. Kwa Jumatatu sita tulibishana hivyo. Mistari kumi ilitukalisha saa nzima. Nilirudi mjini kichwa kinaniuma, na mama yako alikuwa akiniuliza kama kule Bububu nakwenda kusahihisha ama kupigana.

Kisha Bi Tatu alileta salamu kwamba nisije. Raya ana homa na kikohozi, anampeleka Uroa kwa shangazi yake akapate hewa. Wiki tatu zikapita. Nilipopata salamu kwamba nyumba ipo wazi, nilikwenda kama kawaida.

"Bi Raya hajambo?" niliuliza.

"Hasemi siku hizi," alijibu Bi Tatu. "Wewe soma, utasikia."

Alileta vikombe viwili vya kahawa. Kimoja aliniwekea mezani, kimoja akaingia nacho chumbani na kuufunga mlango. Chumba kile kilikuwa na mlango mwingine wa kutokea uani, kwa hiyo nilidhani amepitia huko kwenda jikoni. Nikasoma ukurasa. Nikaeleza ninapotaka kubadilisha. Mlango ukagongwa mara moja. Fedha juu ya mti, sauti ile ile.

Nikabadilisha.

Jumatatu tisa, Sauda. Sasa sikiliza mambo niliyoyaona na sikuyaandika akilini, mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba hakuna kinachonipita.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Nilijua tarehe aliyokufa mumewe, kwa sababu Raya aliiandika. Eda ilikwisha nikiwa katika Jumatatu ya tano ya hizo tisa, na mlango haukufunguliwa. Nilijiambia amezoea.

Jikoni hakukuwa na harufu ya mapishi tena, wala kicheko.

Kila nilipoaga, Bi Tatu alikuja kwa njia ya uani na kikombe cha pili mkononi, kimejaa hadi juu, kahawa imepoa imeshika utando.

Na majirani. Mwenye duka la mbele, ambaye zamani alikuwa akinitania kwa ajili ya baiskeli yangu, alianza kusimama nikipita. Siku moja alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akulipe kwa unavyokwenda kumsomea," aliniambia.

"Ni kazi tu," nilimjibu.

"Hapana. Wengine walikuja siku tatu, wakatoweka. Wewe kila wiki."

Nilidhani anasema juu ya uandishi, kwamba wasaidizi wengine walijaribu wakashindwa. Nikaona fahari. Yeye alijua msiba. Alidhani naja kumsomea marehemu Kurani kila Jumatatu.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ulikuwa mbele ya pua yangu, na huo ndio ninaokuandikia. Raya alikuwa ameacha kubishana. Mwanamke ambaye alikuwa akigombana nami kwa nukta, sasa nikimwambia kipande hiki tukitoe, anagonga mara moja. Nikimwambia mwanamke huyu azungumze kwa upole zaidi, mara moja. Na je, nilishtuka? Nilifurahi. Nilirudi mjini napiga mluzi. Nilimwambia mama yako, "Yule binti sasa ameelewa kazi." Katika Jumatatu ya saba niliitoa treni yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilisoma sababu zangu kwa sauti mbele ya mlango ule, sababu nzuri, zimepangika. Kimya kilikuwa kirefu kuliko siku zote. Halafu ko, mara moja.

Jioni hiyo nilichoma daftari ya tatu na ya nne.

Mara mbili niligongewa siku moja tu. Raya alikuwa ameandika juu ya mama yake. Yale maneno nayajua kwa moyo: "Mama akikasirika hasemi. Hupanga vyungu. Huvishusha vyote, huvipanga tena, na sisi nyumba nzima hukaa kimya tukihesabu vyungu, tujue kosa ni kubwa kiasi gani." Mimi nilipendekeza: "Mama yangu alikuwa mwanamke mwenye subira kubwa, aliyeficha hasira zake kwa kazi za nyumbani." Pete ikagonga mara mbili, kwa nguvu. Nilingoja sauti. Haikuja. Nikajaribu tena, nikapunguza neno moja. Mara mbili. Basi nikauacha ukurasa ule kama ulivyo, nikauchana kutoka kwenye daftari na kuupachika ndani ya nakala safi, niuandike baadaye. Sikuuandika. Ulikaa hapo kwa uvivu wangu.

Jumatatu ya tisa nilimaliza. Nilisoma sura ya mwisho kutoka kwenye nakala safi, nikapata ruhusa yangu ya mara moja, nikafunga jalada.

"Bi Raya," nilisema, "kazi imekwisha. Ningependa leo unijibu kwa mdomo. Nipeleke kwa wapiga chapa?"

Hapakuwa na jibu. Si mara moja, si mara mbili.

"Bi Raya."

Ndipo mlango ulipofunguka. Aliyetoka ni Bi Tatu. Alikuwa amevaa pete ya fedha kwenye kidole chake cha shahada, haikuweza kuingia zaidi ya kiungo cha kwanza. Nyuma yake niliona chumba: kitanda kisichokuwa na godoro, kiti kilichosogezwa mpaka karibu na mlango, chetezo cha udi. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nilimwuliza Raya yuko wapi, ingawa nilishajua.

"Uroa," alisema. "Siku ya nne tu baada ya kufika. Tumemzika kule kule."

Nilikaa chini. Sikuona aibu wala hofu, nilihisi kama mtu anayerudia hesabu aliyoikosea na kuona kila tarakimu ilikuwepo. Nikamwuliza kwa nini hakunambia. Nimezipitia kauli zake zote tangu siku ile, na hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Alisema hasemi siku hizi, na kweli alikuwa hasemi.

"Ungalijua usingalisoma," alisema. "Ungalinipa pole, ukaenda zako. Mimi nlitaka kumsikia. Ndio maana nkawa nagonga, nkasema nkigonga mbili atakasirika, atasimama. Nkigonga moja ataendelea."

Alikaa kwenye kizingiti, karibu na kile kikombe cha pili.

"Sasa nisomee tena, mwanangu. Lakini nisomee ya kwake."

"Ndiyo hii, Bi."

"Hii yako." Hakusema kwa lawama. "Mwanzo nlimsikia yeye. Jumatatu ya kwanza yeye, ya pili yeye. Halafu akawa anaondoka kidogo kidogo, kila wiki kidogo. Treni ikaondoka. Maneno yake ya ukorofi yakaondoka. Nkasema labda ndivyo wafu wanavyokwenda, hawaendi siku moja. Nikawa namwaga machozi nyuma ya mlango, nagonga. Sasa nambie, daftari zake ziko wapi?"

Nilimwambia nimezichoma zote tano.

Hakulia, hakunitukana. Alinyanyuka, akaenda jikoni, na nilisikia vyungu. Alivishusha vyote. Akavipanga tena. Mimi nilikaa ukumbini nikavihesabu, kwa sababu Raya alinifundisha kusoma kelele ile. Vilikuwa vingi.

Aliporudi nilikuwa nimeutoa ukurasa ule mmoja. Nilimsomea. Alisikiliza amefumba macho, na nilipofika kwenye vyungu alicheka, kicheko kile cha jikoni.

"Huyo," alisema. "Huyo hapo."

Tangu siku hiyo naenda kila Jumatatu kumsomea ukurasa mmoja. Nakala safi sikuipeleka popote. Imo kabatini, na ni maandishi safi, hayana kosa hata moja. Nimejaribu mara nyingi kuirudisha treni kwa kumbukumbu. Najua ilikuwa sura ipi. Maneno siyapati. Napata yangu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nataka ulipokee kama nilivyolipata. Mwaka jana, katika mwezi wa kiangazi, nilikuwa namsomea Bi Tatu ukurasa ule. Alikuwa amekaa mbele yangu, kikombe mikononi, pete imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Mazoea yakanishika, na mahali palipoandikwa "hukaa kimya" mimi nikasema "hutulia kimya," kwa sababu sikio langu liliona hivyo ni vizuri zaidi. Mlango wa chumba ukagongwa mara mbili.

Nilimtazama Bi Tatu. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kikombe. Niliinuka nikafungua mlango. Kiti, kitanda, chetezo, na ule mlango wa uani umetiwa komeo kwa ndani. Nikarudi nikakaa.

"Rudia," Bi Tatu aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Soma alivyoandika."

Nikasoma alivyoandika. Hakuna kilichogongwa.

Mlango ni mti wa zamani, na mti hutoa sauti ya kupasuka jua likigeuka. Ukitaka ichukue hivyo, sitabishana. Sijasema yupo. Nimesema nilisikia.

Sasa nafika kwako.

Hadithi yako ya nyumba ya Chukwani uliniletea mwaka jana, daftari tatu. Mwanzo tulikuwa tukigombana mpaka mama yako anafunga madirisha. Nakumbuka nilivyompa yule muuza mbatata wako maneno mazito, ukasimama katikati ya chumba: "Baba, huyu anauza mbatata za urojo, si kadhi!" Nilikutolea sababu nne, ukazikataa zote nne. Kisha ikaja Ramadhani, ikapita, na ukaanza kunijibu, "Sawa, baba." Nikitoa ukurasa, sawa, baba. Nikimbadilisha mtu tabia, sawa, baba. Wewe upo upande ule wa meza, unaonekana, unapumua, unamenya chungwa. Nami nilifurahi, mwanangu. Nilijiambia amekomaa. Nilipiga mluzi. Ni wiki iliyopita tu, nikiwa kwenye baiskeli kuelekea Bububu, nilipojisikia napiga mluzi nikautambua wimbo, ule ule wa siku za Raya.

Sijui ulikuwa na sababu gani. Labda ulichoka. Labda uliona kwamba njia ya haraka ya kutoka katika chumba hiki ni kunikubalia. Labda, kama Bi Tatu, uliogopa kwamba ukikataa nitaacha kusoma. Sikuuliza, na hilo ndilo kosa langu la mara ya pili, nililolifanya nikiwa nalijua la kwanza.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Daftari zako sikuzichoma. Tangu Raya sijachoma ya mtu. Nimezirudisha ndani ya sanduku lako, chini ya kanga za mama yako. Alama zangu za kalamu ya risasi nimezifuta kwa raba siku tatu mfululizo. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga bado utaona mikwaruzo yake. Sikuweza kuiondoa. Ipite kama unavyopita mahali palipokuwa na reli. Nakala safi niliyoipiga kwa taipureta, ile uliyodhani utakwenda nayo kuwaonyesha wenzako wa kazini, nimeichoma leo mchana kwenye seredani. Mama yako alichemshia chai juu yake na kusema karatasi zako zinawaka vizuri. Nikamwambia si zake, ni zangu.

Huko utakutana na watu watakaokuletea maandishi yao yamefungwa kwenye kanga, na wengi watakuwa na haya, au shida, au heshima kubwa kwako. Watakugongea mara moja. Sina kanuni ya kukupa. Ninachojua ni kwamba mtu anayeandika na yupo, ana mahali ambapo atakataa. Kama hujapafika, bado hujazungumza naye.

Kesho asubuhi, kabla hujapanda ngazi ya meli, nitakuuliza mbele ya mama yako kama nilikosea kuichoma nakala ile bila ya ruhusa yako. Nadhani nilikosea. Tafadhali usinambie sawa, baba. Nigombeze. Ongeza sauti mpaka wachukuzi wageuke. Nataka nirudi nyumbani nikijua kwamba nyuma ya mlango palikuwa na mtu, na kwamba ameondoka akiwa mzima.

Baba yako,
Hamadi